Taa Iliyokosekana Siku ya Maombi

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la tatu, baba akaona karo iende kwa kaka zangu. Lakini taa za dashibodi nazijua kuliko watu wengi wenye magari, na sioni haya kujisifu. Miaka kumi na minne niliuza chai na chapati kwenye yadi ya mafundi kule Industrial Area, na ukikaa na mafundi muda huo wote, hata kama unakanda unga tu, masikio yanasoma.

Nyekundu ni ya kusimama. Ile yenye picha ya kopo la oili ikiwaka, zima injini hapo hapo, usiseme acha nifike nyumbani kwanza. Ya njano yenye picha ya injini inakuambia kuna jambo, tafuta mtu mwenye mashine. Mashine inachomekwa chini ya usukani, inatoa herufi moja na tarakimu nne. Watu hudhani namba hiyo inataja kilichokufa. Haitaji. Inaonyesha panapouma tu, kama mtoto anayelia ameshika tumbo: labda ni minyoo, labda ni njaa, labda hataki shule. Fundi mvivu anasoma namba, ananunua kifaa, anafunga, na wiki ijayo taa imerudi.

Nilijua na jambo lingine. Ukizungusha ufunguo kabla injini haijanguruma, taa zote lazima ziwake kwanza, hata kwa gari jipya. Injini ikishika, zinazimika. Kama ile ya njano haikuwaka kabisa, usifurahi. Kuna mtu ametoa balbu ili usione shida.

Msichana wangu wa mwisho alikuwa kibarua katika kiwanda cha plastiki. Kila asubuhi anatoka hapa Jericho kwa miguu, anasimama getini na wenzake kungoja msimamizi amnyooshee kidole kuwa leo ana kazi. Akachoka. Alikuwa amejinyima miaka mingi, akaamua anunue gari la kubeba abiria wanaoita kwa simu. Akaniambia, "Mama, wewe unajua mafundi. Nani ataniuzia gari bila kunipiga changa la macho?"

Nikavimba kichwa. Nikamwambia aniachie mimi. Nikamtafutia fundi wa yadi ile ile, mtu wa kwetu magharibi, aliyekula kwangu tangu hajaota ndevu. Kanisani nikawatangazia akina mama wote: msichana wangu anapata gari safi, nimelichagua mimi mwenyewe.

Fundi alilileta Jumamosi asubuhi, akaliegesha mbele ya nyumba. Kwetu gari haliendeshwi kabla ya kuombewa. Mchungaji alikuja na chupa yake ya mafuta, akina mama wakaja na vitambaa kichwani, wamebeba viti vya kanisa. Fundi na msichana wangu walikuwa wamekubaliana pesa zitolewe baada ya amina. Mtoto alikuwa amezibana kwapani ndani ya mkoba, na siku moja kabla alikuwa amemwambia msimamizi wake kiwandani kwamba hatamwona tena. Hakumwambia kwa upole.

Kwa vile mimi ndiye mkubwa, nilikalishwa kwenye usukani ili baraka ipitie kwangu. Kuliingiza goti hili bovu ndani ya gari ni kazi ya watu wawili. Mchungaji akasema nizungushe ufunguo kidogo, bila kunguruma, tuone lina uhai. Kisha wote wakafumba macho.

Mimi siku hizi sifumbi. Nikifumba nalala. Nikaziona taa: oili, betri, breki, mkanda. Nikatafuta ya njano. Nikazima, nikawasha tena. Katika maombi yake mchungaji alikuwa amefika kwenye ajali za barabarani, anazikemea kwa sauti. Nikawasha mara ya tatu. Mahali pake palikuwa peusi kama jino lililong'oka.

Nasema ukweli, nilifikiria kunyamaza. Wale wanawake wote walinisikia nikijisifu. Lakini nikamwona mtoto wangu amesimama pale, macho yamefumbwa, midomo inacheza.

"Amina," nikasema na wengine. "Sasa fundi huyu atuonyeshe balbu ya injini ameiweka wapi."

Fundi akacheka. "Mathe, hiyo taa huwaka kukiwa na shida. Haiwaki, hakuna shida. Si ufurahi?"

Akina mama nao wakacheka.

"Usinifundishe kusonga ugali," nikamwambia.

"Mama, tumeshaomba," mchungaji akasema.

"Na Mungu amesikia, mchungaji. Lakini si Mungu aliyetoa balbu."

Kuna fundi wa waya katika kwaya yetu, mzee wa sauti nzito, na mashine yake haimtoki mfukoni. Akaichomeka. Haikuwa na namba hata moja. Akina mama wakaguna. Msichana wangu akaniambia polepole, "Mama, tafadhali." Alilitaka gari lile. Alikuwa ameshaliona akilini likimtoa pale getini.

Mzee wa kwaya akakuna kichwa. "Namba hakuna. Lakini kumbukumbu yake imefutwa juzi au leo. Gari bado halijamaliza kujipima, na hujipima likiwa barabarani."

"Basi liendeshwe mpaka Dandora na kurudi," nikasema.

"Kwa petroli ya nani?" fundi akauliza.

"Yangu," msichana wangu akajibu. Akaingia, mzee akakaa kando yake na mashine mapajani, wakaenda.

Tukangoja. Fundi alikunywa chai yangu, akala mandazi matatu. Mtu akiwa kwako humnyimi.

Waliporudi sikuhitaji mashine. Lilisimama na injini ikitetemeka kama mtu mwenye kwikwi. Mzee akasoma kwenye kioo cha mashine: P, sifuri, tatu, sifuri, sifuri. "Silinda zaidi ya moja hazichomi sawa," akatueleza. "Inaweza kuwa plagi, inaweza kuwa koili, inaweza kuwa injini yenyewe imechoka. Mpaka tufungue."

"Plagi tu hizo!" fundi akaruka. "Plagi ni kitu kidogo, mathe!"

"Kama ni plagi, mbona hukubadilisha plagi? Balbu hiyo haitoki mpaka ufungue dashibodi. Mtu hafanyi kazi kubwa hivyo kukwepa kazi ndogo."

Halafu akanigeukia, na safari hii hakucheka.

"Wewe mathe, leo ndio umejua balbu hutolewa? Si ulikuwa unatuletea chai tukizitoa? Si ni wewe ulikuwa unasema tufanye haraka inapoa? Imekuwa dhambi leo kwa sababu gari ni ya msichana wako?"

Kila mtu alisikia. Alisema kweli. Nilikaa pale miaka yote nikigeuza chapati, nikatazama watu wakipokea funguo wanatabasamu. Kuna mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Alikaa kwenye benchi yangu, akaniuliza kama gari alilokuwa ananunua ni zuri. Nilimwambia mimi nauza chai tu.

Fundi aliondoka na gari lake, linakwamakwama mpaka kona. Mchungaji akafunika chupa, akina mama wakaenda mmoja mmoja, na hakuna aliyenitania. Heri wangenitania. Mkoba ulibaki kwapani kwa mtoto wangu. Jumatatu ingemkuta getini tena, nyuma ya foleni, mbele ya msimamizi yule yule aliyeagwa kwa maneno makali.

Tukabaki sisi wawili na viti vya kanisa. Alikuwa anavipanga kimoja juu ya kingine, amenipa mgongo.

"Mama, ulinyamazia wangapi?"

"Sikuwahi kuhesabu."

Alijitwika viti vitano, akaniachia kimoja kwa sababu ya goti, akashika njia ya kanisani bila kunisubiri.