Mshipa Wangu Sokoni

Wakati wa vita mji wetu wa Rumonge, huku Burundi, ulijaa wajuaji. Mjuaji kuliko wote alikuwa mkandaji mmoja aliyekaa sokoni na chupa ya mawese, akijiita dokta kwa sababu aliwahi kulazwa hospitali Bujumbura.

Nilikuwa nimekaa kigodani tangu asubuhi nikichambua matunda ya mchikichi, gurudumu la lori likapasuka barabarani. Tukadhani ni risasi. Nikachomoka na miguu iliyokakamaa, na nyuma ya paja kitu kikachanika kama kitambaa. Nikaanguka palepale.

Mama akanipeleka kwa huyo dokta. Wanawake walikuwa wengi, nikaona haya kusema "paja", tena karibu na makalio. Nikanong'ona, "Ni mshipa, huku nyuma..."

Kwetu mshipa ni pia ule uvimbe wa wanaume unaoshuka chini. Hakungoja neno la pili.

"Mushipa!" akapaza sauti. "Huyu mutoto iko na mushipa! Na bado hajaoa, masikini!"

Soko zima likageukia suruali yangu, naye tayari anaivuta.

"We mzee, acha nguo ya watu!" mama muuza ndagala, dagaa wa ziwani, akamkemea huku akicheka.

Mama ndiye aliyeonyesha paja. Mpumbavu yule hakuomba radhi. Aliita mwenzake, wakaushika mguu wangu, wakauvuta kama wanatoa mtumbwi majini. "Iko inanyooka!" akajisifu, nami nalia. Jioni paja lilikuwa jeusi.

Usiku ule mama alisema, "Wenye bunduki wakija kweli, kama hukimbii, na mimi sikimbii." Hakuwa mtu wa kutania.

Kesho yake nikaenda dispensari. Muuguzi akakataza kuvuta na kukanda. Nipumzike, nitembee kidogo kidogo. Maumivu yakipungua nilale chali, magoti juu, niinue kiuno polepole. Na nisishinde kigodani bila kusimama. Nilifanya hivyo nyuma ya nyumba, kwa kujificha. Dokta wa mawese alipita, akaangua kicheko: "Hata kulala anafundishwa!" Nilimdharau kimya kimya, kwa bidii, kama wengine wanavyosali.

Risasi za kweli zilikuja mchana mmoja, kutoka milimani. Mama hakunitazama usoni, alitazama mguu. Nikaanza kwa hatua fupi, kisha ndefu. Paja lilikaza, halikuchanika. Nyuma yangu nikasikia kandambili zake zikipiga lami.

"Enda, mwanangu, enda! Niko nyuma!"