Yatima Gani Anang'aa Hivyo

Nikifungua kopo la rangi ya viatu, harufu yake hunirudisha kwenye ukumbi wa Shauri Moyo, siku maafisa wa serikali walipotuletea sisi yatima blanketi. Kabla ya kugawa, mpiga picha wao alinitazama miguuni.

"Vua viatu. Yatima gani anang'aa hivyo?"

Nyanya alikuwa amevisugua asubuhi hiyo kwa kipande cha kanga yake kuukuu, mpaka ngozi ikashika joto.

"Sivui," nikasema.

"Basi hupati blanketi."

Nyanya akanishika mkono. "Twende, mama. Baridi tunaijua."

Leo nimeitwa kwenye kikao cha serikali cha kupanga misaada ya yatima. Nitaketi safu ya mbele, na miguu nitainyoosha.