Karafuu Saba kwenye Mafuta ya Ndege

Niliondoka kijijini kwetu Wambaa kwa ajili ya Time, mdogo wangu wa tumbo moja. Ilikuwa kabla ya vita vya pili vya dunia, mimi bado mke mpya. Tumbo la Time lilikuwa gumu kama ubao, na daktari wa Chake Chake alisema akapasuliwe Unguja siku ileile. Meli mpaka kesho kutwa. Kulikuwa na ndege ndogo uwanjani Wawi, na rubani wake mzungu alikubali kumchukua. Lakini bomba la mafuta ya injini lilikuwa limepasuka, mafuta yote yakaingia mchangani. Bomba liliungwa, mafuta ya kutia, hakuna.

Mume wangu Makame akaja nyumbani na baiskeli toka Wawi, jasho tupu. "Fundi wa ndege anataka mafuta ya mbarika! Nusu debe, yasiwe na maji."

Nilipigwa na butwaa. Mafuta ya mbarika sisi twanywa kusafisha tumbo.

"Ndege nayo imevimbiwa?" akauliza mama yangu, Bi Mize. Hakuna aliyecheka.

Wambaa, asubuhi ileile. Walikuja wanawake, kila mmoja na chupa yake aliyoikamua mwenyewe. Nawataja: mama yangu Bi Mize, Bi Raya, Bi Kombo, Bi Chumu, Bi Fatuma, Bi Asaa, na Bi Riziki. Kila mmoja alimimina, akatia na karafuu moja kama tufanyavyo siku zote yasichache, akamwombea Time. Karafuu ya Bi Riziki ilikuwa ya mwisho, nene, na kikonyo chake. Niliiona ikizama.

Mtambile mimi na Makame tulifika kwa miguu, debe kichwani, tukapanda lori la mbata. Dereva wake, Kheri, alinusa akaniambia, "Bi Mwanakombo, yakimwagika humo abiria wote wataingia vichakani!" Makame alimwambia akanyage mafuta na asiseme.

Wawi, adhuhuri. Time alikuwa keshalazwa ndani ya ndege, uso kama jivu. Fundi Salum, mtu wa Unguja, alikuwa amekamua injini hata tone la mwisho, maana alisema mafuta ya mbarika na yale ya madini hayapatani. "Zamani ndege nyingi zilikwenda kwa haya haya," akaniambia. Akainua debe, akayamimina yote kwa faneli ya bati. "Mbona yanukia pilau?"

Macho yangu yalikuwa kwa Time. Panga la injini likazunguka, moshi ukatoka. Nikaokota debe langu nirudi nalo, nikalipindua.

Hamna kitu. Karafuu saba, na debe halina hata moja.

Nilikimbia mpaka mbele ya bawa, napunga mikono. Fundi alinidaka kiunoni. "Mwendawazimu we! Panga litakukata!"

"Karafuu! Zimeingia karafuu!"

Alibadilika rangi. Akampa rubani ishara, injini ikazimwa.

"Dada," akasema, "haya si ya kutelezesha tu. Pampu huyasukuma kwenye vitundu vyembamba yafike kila chuma kinaposuguana, na yakitoka yanatoka na joto. Njia ikizibwa, chuma kinakula chuma, injini inakwama. Na chini ni bahari."

Nilimletea mdogo wangu dawa, kumbe nimembebea kifo kichwani toka Wambaa.

Fundi alitaka kitambaa chepesi, kisafi. Nilikuwa na ukaya wangu wa harusi. Nikamtazama Makame; wanaume wamejaa pale. Akainamisha macho. "Mpe." Nikauvua, nikabaki kichwa wazi. Mafuta yakashushwa, yakachujwa.

"Sita," akasema fundi. "Turudishe."

"Bado ya Bi Riziki."

"Nani?"

Nikawahesabu kwa vidole, jina kwa jina. Rubani alionyesha saa yake, akafoka. Ndani, Time aligumia.

"Huenda ilibaki nyumbani, dada. Mgonjwa anakufa."

"Niliiona ikizama. Ina kikonyo. Bila hiyo, mshusheni ndugu yangu!"

Fundi alinitazama, kisha akashika spana. Alifungua kijichujio kilicho mbele ya pampu. Karafuu ilikuwa pale, imelala mdomoni mwa bomba, imeanza kuvimba. Aliitoa kwa ncha za vidole, akaketi chini kwenye vumbi.

Ndege iliruka kabla ya alasiri. Nilisimama na koti la Makame kichwani mpaka mlio ukapotea.

Tulirudi Wambaa magharibi. Nikamwekea Bi Riziki karafuu yake kiganjani, nikamweleza ilikolala. Alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Time alirudi kwa meli, kakonda, ana mshono, mzima.

Sikuacha kutia karafuu. Ila tangu siku ile, hata anayeomba mafuta ya kupaka mguu, simpi chupa kabla sijamwambia kilichomo ndani, na ni ngapi.