Manukato na Maji ya Karoti

Mke wangu aliondoka kwa sababu ya chupa moja ya manukato, na muuza manukato ni mimi.

Niseme kwanza mimi ni nani. Katika ukoo wetu, wakulima wa Magamba, wa kwanza kupata stashahada ni mimi, stashahada ya maabara, na hakuna aliyenisomesha. Nilibeba magunia Dar es Salaam mchana, nikaingia darasani jioni. Miaka kumi na mbili baadaye nilirudi, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma na kufungua duka Lushoto mjini, karibu na soko. Cheti kiko juu ya kaunta, ndani ya fremu. Mteja akilalamika kwamba harufu haikai, namwonyesha cheti kwa kidole, kisha namweleza: ngozi kavu haishiki harufu, paka mafuta kwanza, usisugue, maji na sabuni huiondoa, kitambaa huishika kuliko mwili. Wananisikiliza kama daktari.

Nilipooa, binti wa Mlola, nilimpa chupa nzuri kuliko zote dukani. Nikamfundisha mwenyewe.

"Matone mawili, kwenye vifundo vya mikono. Hapo pana joto, harufu inapanda vizuri."

Alifuata kama nilivyosema. Kila jioni nilipofika nyumbani niliushika mkono wake nikaunusa, hata viatu sijavua. Haukuwa na kitu.

"Umepaka?"

"Nimepaka asubuhi."

"Manukato haya yanakaa kutwa."

"Labda ni baridi."

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha kazi yangu?"

Kisha mdogo wake akapita dukani. Ilikuwa alasiri, na mtandio wake ulikuwa ukinukia harufu ileile, kali kama imepakwa sasa hivi. Jioni hiyo nilimwambia mke wangu kwamba anagawa zawadi zangu halafu ananidanganya machoni.

"Nilimtia tone moja tu kwenye mtandio," alisema. "Alikuwa anakwenda harusini."

Sikutaka kusikia. Nilimwambia kama kusema kweli kumemshinda, arudi kwao. Nilidhani atalia, ataomba radhi. Alikunja nguo zake moja moja, akaondoka.

Nilikaa miezi miwili nikingoja anifuate. Mwishowe nikavaa suti, nikapanda Mlola. Nilipokewa na baba mkwe na dada yake, yule shangazi ambaye mke wangu alikuwa akisema hana breki mdomoni.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mkwe. Haya, tunakusikiliza," baba mkwe akasema.

Nikaeleza, na nilieleza vizuri: ngozi, mafuta, maji, kitambaa. Nilitaka waone kwamba nimekuja kama msomi, si kama mgomvi.

"Ngoja kwanza, mtaalamu," shangazi akasema. "Huko kwako, asubuhi, mtoto wetu alikuwa anafanya kazi gani?"

"Anang'oa karoti, anaziosha kijitoni, zinapelekwa sokoni."

"Anaziosha kwa kitu gani? Kwa mdomo?"

Baba mkwe akakohoa ili asicheke. Mimi nilikuwa nikimwona mke wangu ameinama, mikono imezama mpaka viwiko katika maji ya baridi, akisugua udongo gunia baada ya gunia, na yale matone yangu mawili yakienda na maji. Nilipita kando ya kijito kile kila asubuhi nikienda dukani. Tena nilimpungia mkono.

"Kwa hiyo ulijua," baba mkwe akasema taratibu. "Maji ulijua, kitambaa ulijua, vyote umesomea. Sasa mwanangu ulimwitaje mwongo?"

Mke wangu akaitwa. Alikaa mkekani karibu na shangazi yake, akaiweka ile chupa mbele yangu. Ilikuwa tupu.

"Niliendelea kupaka hata huku," alisema. "Nilitaka nijue kama ngozi yangu ina kasoro. Ijumaa moja niliumwa, sikushika maji kutwa. Ikanukia mpaka magharibi. Nikajua sina kasoro."

"Twende nyumbani," nikamwambia. "Nitakupa nyingine."

"Ulikuwa unaninusa mlangoni," alisema. "Hata kabla ya salamu."

Akainuka, akaingia ndani. Baba mkwe akaniambia ninywe chai kwanza, njia ni ndefu. Niliinywa, nikashuka na chupa mfukoni.

Cheti bado kipo ukutani, na sijaona aibu ya kukiacha pale, maana nilikitolea jasho. Lakini mteja akilalamika siku hizi, kabla ya lolote namuuliza mikono yake hufanya kazi gani. Na jioni nikifika nyumbani, navua viatu kwanza, kisha natoa salamu, ingawa hakuna wa kuitikia.