Chumvi Niliyomfungia Mume Wangu

Mume wangu alipokwenda Mahenge na wenzake kulivamia boma la Wajerumani, mimi niliacha chumvi. Ndivyo tulivyofanya nyumbani kwetu: mwanamume akiwa vitani au porini, mkewe hali chumvi mpaka arudi, kisha wale pamoja chungu cha kwanza chenye chumvi. Ukionja kabla, umemuua.

Wengine walirudi. Wangu hakurudi, wala hakuna aliyesema alimwona akianguka. Ikaja njaa, ikapita, tukapanda mpunga tena, nami bado nakula samaki wa kuchemsha, chapwa kabisa. Na kazi yangu ilikuwa nini? Chumvi hiyohiyo! Nilikata majani ya kinamasi, nikayachoma, nikachuja majivu, nikachemsha yale maji mpaka chumvi ibaki chini ya chungu. Wakati wa kuonja nilimwita jirani.

"Mpishi gani wewe wa kuazima ulimi?" alinitania.

Nikamwambia aonje, anyamaze.

Mama mkwe, niliyeishi naye nyumba moja pale Ifakara, aliulinda mwiko ule kuliko mimi. Kila jioni alichovya kidole kwenye mboga yangu. Loo, yule mama! Nilimpenda, lakini siku nyingine nilitamani kumrushia chungu.

Misheni ilipokuja nilikwenda kusoma dini, maana nilichoka kungoja peke yangu. Katekista akatufundisha kwamba Mungu aliweka na watu wake agano la chumvi, kwa kuwa chumvi haiozi, na agano lile halina mwisho. Nikampenda Mungu huyo palepale. Tulielewana. Kisha katekista akasema siku ya ubatizo padri atatutia chumvi ulimini. Moyo ukanilipuka.

Nilimweleza mama mkwe. Hakupaza sauti.

"Ukiila hiyo, umemuua mwanangu."

Hatukusemezana tena mpaka siku yenyewe, na siku hiyo alinifuata kanisani, akakaa nyuma yangu.

Padri alipofika kwangu nilifumba midomo. Akangoja, chumvi vidoleni. Wenzangu wakaanza kukohoa. Nilikuwa na hasira na padri, na lile boma, na zaidi na mume wangu, aliyeniaga kana kwamba anakwenda kutega samaki. Heri nimkane Mungu kuliko kumuua mtu wangu kwa ulimi wangu mwenyewe.

Mama mkwe akasimama. Akaniwekea mkono begani.

"Fumbua kinywa, mwanangu," akasema. "Umemngoja vya kutosha. Hata mimi najua."

Nikafumbua. Ilikuwa kali, nilikuwa nimesahau. Padri akaenda kwa mwingine, na nyuma yangu, kwa mara ya kwanza tangu vita, mama mkwe akaanza kumlilia mwanawe kwa jina lake, kwa sauti, kama tunavyolia msibani.