Sahani ya Kichina niliyopakuliwa muthokoi Katangi

Wakuu, salamu kutoka Machakos. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na anayebisha aje nyumbani nimwonyeshe kabati.

Kwanza mnijue. Niko na diploma ya stores. Nimefanya kazi Uingereza miaka mingi, kwenye ghala la kampuni ya mnada. Nilianza kwa kufunga vitu kwenye makaratasi, nikaishia kukagua vyombo vya kaure vya China, vile vya zamani vilivyotengenezwa kuuzwa ng'ambo.

Hakuna aliyenishika mkono. Nimerudi, nimejenga, na kabati langu la vioo sijaona mfano wake kaunti hii.

Sasa basi. Juzi tulienda Katangi kumsalimia shangazi ya mke wangu, mama mzee tunayemwita Mwaitu Nduku. Akatuletea muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe.

Sikuona chakula, wakuu. Niliona sahani!

Kubwa, ndefu kama yai, nyeupe inayoelekea kijivu, imechorwa kwa bluu nyumba, daraja na milima. Nilikula mbio, nikaipindua. Chini haijapakwa ile rangi ya kung'aa, na juu kuna vishimo vidogo kama ganda la chungwa. Kaure halisi ya Canton, kule China! Ya zamani kuliko reli yetu, na haina hata ufa!

"Mwaitu, niuzie hii."

"Sio yangu. Ni ya Syombua, jirani. Aliniletea uji nikiwa nimejifungua, akaufunika na hiyo. Kabla nirudishe wakahamia Katelembo, na sasa ameshakufa. Nitauzaje chombo cha mtu?"

Nikapandisha bei. Akacheka.

"Huko Ulaya walikufundisha vyombo, adabu wakasahau?"

Mke wangu alicheka kumshinda.

Nikaona njia ni moja: tumpelekee Kalekye, binti ya Syombua aliyebaki huko Katelembo, nijaribu kununua kwake. Nikaitisha blanketi niifunge. Mwaitu akakataa kabisa. Chombo cha jirani hakirudi kitupu! Akapakua muthokoi, akafunga na leso, akaipakata garini.

Mimi niliyezoea kuvishika hivi vitu kwa glavu! Kila tuta nililipita kama nimebeba mama mja mzito.

Kalekye akafungua leso. Akagusa ukingo kwa kidole.

"Mama alipewa hii na mzungu aliyemwandika kazi ya upishi. Aliitaja mpaka mwisho."

Wakalia, wakacheka, tukala wote.

Ningeweza kutaja bei ya sahani ya supermarket na angekubali. Lakini muthokoi tuliogawana ulikuwa bado mdomoni. Nikamwambia ukweli: hii inashinda ng'ombe wako wote.

"Sahani?" Akamgeukia Mwaitu. "Ai! Hawa watu wa ng'ambo wako na shida."

Akaniuzia kwa bei ya haki, na sharti moja. Kila Krismasi iende kwake, imejaa muthokoi.

Wakuu, iko katikati ya kabati, na wageni wote huanzia hapo! Funzo langu: kabla ya kuuliza bei ya chombo cha kale, uliza kilifikaje hapo. Mwenye kukipenda anaweza kuwa si mmoja.

Haya, pindueni sahani za kina nyanya zenu, mniwekee picha za chini. Nitawaambia mko na nini, mtaalamu nipo.

Na anayejua kupika muthokoi usiungue aniandikie pia. Mke wangu amesema mnunuzi ndiye mpishi.