Moshi wa Bluu Mbele ya Gari la Maharusi

Kuna video ya harusi ambayo ikiwekwa tu kwenye runinga pale kwa kina Zuhura, mimi nakumbuka ghafla kwamba nahitaji vocha, natoka nje, hata kama simu ina salio la kuongea mpaka kesho kutwa. Nimeona bora niwasimulie mwenyewe kilichomo, maana wengine mmeshaambiwa na waongo kwamba nilichoma gari la maharusi moto. Sikuchoma gari. Nilichofanya ni kibaya zaidi, ila moto haukuwepo.

Mimi ni fundi pikipiki, kijiwe changu kiko Buguruni. Nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Zuhura, na pale nyumbani mwenye kauli ni shangazi yake, Bi Mwantumu, ambaye akasema jibu litatoka baada ya harusi ya Saida, dada yake Zuhura, kwanza wanataka kuniangalia "kijana mwenyewe yukoje". Kuangaliwa huko ndiko kulikoniponza. Nikasikia mpiga video anatafuta pikipiki ya kumbeba siku ya harusi (si mnaijua misafara yetu ya Bongo, matarumbeta mbele juu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nyuma yake pikipiki yenye mpiga video aliyekaa kinyumenyume, halafu gari la maharusi, na honi za kuamsha wagonjwa), nikajitosa, nikasema nitambeba mimi, kwa pikipiki yangu mwenyewe ambayo injini nimeifumua yote na kuijenga upya kwa mikono hii, pistoni mpya, ringi mpya, sili mpya. Nilitaka Bi Mwantumu aione kazi yangu ikipita mbele yake.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo mpaka linakera. Siku hiyo nilipima oili pikipiki ikiwa imeegama kwenye stendi ya pembeni, kitu ambacho kila siku nawacheka nacho madereva wa boda. Pikipiki ikilalia kushoto, oili nayo inakimbilia kushoto, na kijiti cha kupimia kiko kulia, kwa hiyo kinatoka kikavu na wewe unadhani oili imeisha. Kuipandisha kwenye stendi ya kati kunataka uinyanyue kwa nguvu, na mimi nilishavaa suti (ya kuazima, inanibana kwapani), nikaogopa kupasuka. Nikachungulia kijiti, kikavu, nikaongeza oili. Nikachungulia tena, bado, nikaongeza tena. Nikafunga, nikajipongeza kwa uangalifu.

Mpiga video anaitwa Kibonge, na jina halikumsingizia. Akapanda, mgongo wake ukaja kwenye mgongo wangu, pikipiki ikashuka kidogo, tukaondoka. Hatujafika mbali kwenye barabara ya Uhuru moshi ukaanza, kidogo tu, kama wa mtu anayechoma chapati.

"Fundi," akasema Kibonge, "huu moshi ni kawaida?"

"Kawaida. Ringi mpya hizo, zinajipanga. Zikishakaa unakata."

Kweli ringi mpya zinaweza kutoa moshi kidogo mwanzoni. Lakini huu ulikuwa unaongezeka, na ulikuwa wa bluu, na hakuna fundi asiyejua kwamba moshi wa bluu ni oili inaungua. Nilijua. Niliuona kwenye kioo cha pembeni, nikakigeuza kioo kitazame nyumba za watu.

Gari la maharusi likaja ubavuni, Bi Mwantumu kiti cha mbele, akashusha kioo, kitambaa puani. "Mwanangu, hiyo pikipiki iko salama?"

"Kawaida tu, shangazi. Injini mpya hiyo."

Akapandisha kioo taratibu. Kwenye video sehemu hii unaona gari jeupe lenye maua, halafu huoni gari, halafu unaona taa mbili zinawaka na kuzima ndani ya wingu.

Tukaingia Kariakoo, foleni ikatukamata Msimbazi, na tukisimama moshi unabaki palepale na sisi. Jamaa wa tarumbeta kubwa akavuta pumzi ya kupuliza, akavuta na moshi, kilichotoka kwenye tarumbeta kilikuwa kikohozi. Akageuka, akaniuliza kwa adabu kama nina tatizo. "Kawaida," nikasema, mara ya tatu hiyo, na ili kumwonyesha ni kawaida nikaona nivute mafuta kwa nguvu, injini ijisafishe yote kwa mara moja.

Injini iliyozidishwa oili ukiivutia mafuta inatapika. Oili ilipanda kwenye mpira wa kupumulia, ikaingia kwenye boksi la filta, ikavutwa tena ndani ya injini, ikaungua yote kwa pamoja, na mtaa mzima ukawa bluu. Mtu akapiga kelele moto, wamachinga wakakunja maturubai na bidhaa zao ndani, na msukuma mkokoteni wa maji akaja na dumu, akanimwagia mimi. Siyo pikipiki, mimi. Nilipomuuliza baadaye akasema aliona suti inatoa moshi.

Nikazima. Watu wakajaa, na Kariakoo kila mtu ni fundi, muuza kahawa anasema ni sili za valvu, mchukuzi mwenye gunia la vitunguu kichwani anasema ni silinda imekwanguka (hakulitua gunia, alitoa ushauri akiwa nalo). Nimelowa, nimeaibika, macho yote kwangu, na hapo ndipo nikatamka maneno ambayo mpaka leo natamani ningeyameza.

"Ni ringi," nikasema kwa sauti. "Wauza spea wa Msimbazi siku hizi wanatuuzia ringi feki."

Watu wakaanza kunikonyeza. Nikageuka. Nyuma yangu amesimama bwana harusi, Nasoro, kanzu nyeupe na joho lenye nakshi za dhahabu, na Nasoro ni muuza spea wa Msimbazi, duka lake lilikuwa palepale ng'ambo ya barabara, na zile ringi nilizinunua kwake.

Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alivua joho akampa mchukuzi wa vitunguu amshikie, akakunja mikono ya kanzu, akasema, "Pandisha stendi ya kati." Nikapandisha, suti ikapasuka kwapani. Akachomoa kijiti, oili ikachuruzika mpaka kwenye viatu vyake vyeupe. Akakiangalia kile kijiti, akaniangalia mimi.

"Oili ulipima imesimama hivi?"

"Ilikuwa... imeegama kidogo."

"Imeegama," akawaambia watu, na watu wakaguna kama wako msibani. Muuza kahawa akanitazama kwa huruma ya kweli.

Nasoro akaazima spana, mama mmoja muuza sufuria akatoa sufuria, bwana harusi akapiga magoti barabarani siku ya ndoa yake na kumwaga oili iliyozidi, kwa sababu jina la duka lake lilikuwa limeguswa mbele ya mtaa wake na asingeweza kwenda ukumbini limebaki hivyo. Saida naye, joto limemshinda, akashuka garini na shela lake, na matarumbeta wana mazoea, wakimwona bibi harusi anashuka wao wanapiga. Wakapiga. Wakina mama wakatoa vigelegele, Kibonge akarekodi kila kitu, na pikipiki ilipowaka tena moshi ukiwa umebaki mwembamba, bwana harusi akashangiliwa kuliko alivyoshangiliwa kwenye ndoa yenyewe.

Zuhura alikuwa ndani ya gari, mpambe wa dada yake. Akashuka, akaja karibu, akaongea kwa sauti ya chini.

"Oili hata mimi naweza kuzidisha. Lakini Kibonge anasema umeulizwa mara tatu ukasema kawaida, na ya nne ukamsingizia mwenzio. Siku mtoto akiwa na homa, mimi nitakuamini vipi?"

Niliumia kuliko nilivyowahi kuumia, kwa sababu alikuwa hajakasirika, alikuwa ameogopa. Nikamfuata Nasoro mbele ya watu wote, nikasema, "Kaka, ringi zako nzima. Nimekosea mimi, na nilijua tangu barabara ya Uhuru." Sauti ilitoka nyembamba, muuza kahawa akaniambia nirudie, wa nyuma hawajasikia. Nikarudia.

Wiki ile ile Bi Mwantumu akaniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniambia nikae.

"Tulisema tunataka tukuone ukoje," akasema. "Tumekuona. Mtaa mzima wa Msimbazi umekuona. Kama usingerudia yale maneno mara ya pili, leo nisingekuita. Haya, waambie wazee wako waje."

Nikakaa bila kukaribishwa. Toka siku hiyo nimeapa, mteja akiniuliza pikipiki yake ina nini na bado sijaifungua, namwambia sijui. Wateja kadhaa wamenihama, wanasema fundi gani huyu hajui kitu. Waende tu, pale jirani kuna fundi anayejua kila kitu, na moshi wake nauona kutoka hapa nilipokaa.